Alama Zilizokatwa Mara Mbili

Jumatatu, 6 Januari

Msimu wa mpira wa Kimarekani umekwisha jana kwa kufungwa tena, nyumbani, mbele ya watu waliojifunika mablanketi hadi puani. Mechi kumi na saba, tumeshinda tano. Kwa wengine hapa Duluth huu ni msiba. Kwangu mimi ndiyo mwaka unaanza. Anayefanya vibaya huchagua mapema siku ya uteuzi, mwishoni mwa Aprili, klabu zote zinapogawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Sisi tumeangukia nafasi ya tisa, na raundi ya pili tutakuwa wa arobaini na moja.

Daftari hili kanipa mke wangu, Corinne. Anasema hasira zangu za masika ya mwisho niziandike humu nisimmalizie yeye jikoni. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa mkono wake: "Arlo Niemi, skauti, msaka vipaji wa Wapasua Barafu kwa miaka kumi na minane, anastaafu Mei, ana kisirani. Ukiliokota, mrudishie." Nimeliacha hivyo hivyo kwa sababu ni kweli tupu.

Alhamisi, 9 Januari

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Gari limegoma, mimi pia.

Jumatano, 15 Januari

Kikao cha kwanza. Meneja wetu mkuu, Desmond Pruitt, ametuletea mtu mpya wa hesabu. Anaitwa Anjali Wadhwani, ana miaka thelathini na moja, katokea New Jersey, na amevaa koti ambalo halitamfikisha hata Februari. Hajawahi kumkaba mtu wala kukabwa.

Akatuonyesha mchoro. Mrushaji wa mpira ndiye roho ya timu, akasema, na warushaji wazuri ni wa kuhesabika. Anayemlinda mgongoni, yaani mlinzi wa nje upande wa kushoto, ni adimu vilevile. Mvamizi anayetoka pembeni kumwangusha mrushaji wa wapinzani, naye adimu. Hao hupatikana juu kabisa ya orodha, ukichelewa wameisha. Lakini walinzi wa ndani wanaoziba katikati, wabebaji wa mpira na mabeki wa nyuma unaweza kuwaokota hata raundi ya nne. Kwa hiyo mashine yake inampunguzia kila mchezaji alama kulingana na nafasi anayocheza.

Nikamuuliza: mrushaji wetu akikanyagwa kifuani na jitu lililopenya katikati, atajali kama limepitia kwenye nafasi ghali au nafasi rahisi?

"Hatajali, mzee," akasema kwa upole. "Lakini ukitumia namba tisa kuziba katikati, pembeni utaziba na nani?"

Watu wakacheka. Nikanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshaisha kikombeni.

Jumatano, 22 Januari

Theluji. Kanda za video. Theluji.

Jumamosi, 1 Februari

Nimerudi kutoka Dakota Kusini, kwenye kile chuo kidogo cha Orrin Haverkamp. Ni mlinzi wa ndani wa kushoto, kilo mia na arobaini na tano, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kaskazini magharibi mwa Iowa. Nimemfuatilia miaka mitatu. Kuna mchezo mmoja wa Septemba, dhidi ya chuo kikubwa kilichowaalika ili kiwachape: mtu aliyemkabili Orrin siku hiyo atachaguliwa katika kumi bora mwaka huu, na kwa dakika sitini hakumgusa mrushaji hata kwa ncha ya kidole. Nimeuangalia mara kumi na moja.

Makocha siwaulizi sana, kila kocha huuza mali yake. Mimi humuuliza mpishi wa bwalo. Mama Darlene, mpishi wao, kaniambia Orrin anakula kwa watu wanne, lakini trei nne anazirudisha mwenyewe, na za wenzake mbili juu yake. Nimeandika maneno hayo kwenye ripoti. Halafu nikaweka alama: sabini na sita kwa mia.

Ijumaa, 14 Februari

Corinne nimempeleka kula samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kasema nimemtaja Orrin mara saba kabla ya sahani kuja, na yeye mara moja.

Alhamisi, 27 Februari

Leo tumebandika nyota. Ni desturi ya klabu hii tangu kabla yangu. Ukutani kuna ubao mkubwa wa chuma, na juu yake majina ya wachezaji mia tatu kwenye vibao vya sumaku, yamepangwa raundi kwa raundi. Kila skauti hupewa nyota nyekundu moja tu kwa mwaka. Ukiibandika kwenye jina, maana yake huyo unamwekea dhamana ya jina lako. Mwenye nyota akichaguliwa na klabu yetu, simu ya kumpa habari haipigwi na meneja wala kocha. Inapigwa na skauti aliyembandika.

Kabla ya leo nimebandika nyota kumi na saba. Simu sijapiga hata moja. Eneo langu ni vyuo vidogo vya nchi tambarare, kule wanakozaliwa walinzi wa ndani na wabebaji, watu wa nafasi ambazo klabu hazipendi kuzitolea namba za juu. Wachezaji wangu huchukuliwa na wengine, au hawachukuliwi kabisa. Wenzangu wote wameshapiga, na skauti wa kusini hujisifu kwamba mama mmoja wa Georgia alimwombea dua nzima kwenye simu. Ninamwonea wivu, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Kwa hiyo masika hii ndiyo ya mwisho na simu ndiyo hiyo moja iliyobaki. Nimembandika Orrin. Kibao chake kiko raundi ya nne, kule chini karibu na swichi ya taa. Ilibidi nipige goti, na wenzangu waliangalia pembeni kwa huruma.

Jumatatu, 3 Machi

Nimegombana na Anjali. Nimemwambia mashine yake inaona viti, haioni watu. Akanijibu kwamba mimi naona watu tu, na ndiyo maana tumeshinda mechi tano. Desmond ametoka ofisini kwake, ametutazama wote wawili, akaamua kwamba wiki ijayo Orrin anapofanyiwa vipimo chuoni tutakwenda pamoja, gari moja, saa saba za barabara. Anjali akasema, "Bosi, nimekukosea nini?" Kwa mara ya kwanza nilikubaliana naye.

Jumatano, 12 Machi

Lazima niandike yote nikiwa bado nakumbuka.

Tumetoka alfajiri. Hadi tulipovuka kusini mwa Minnesota tulikuwa tumeongea kuhusu kiyoyozi cha joto tu: yeye anataka kipande, mimi kishuke. Nilimnunulia mkate wa nyama kituoni, akaniambia hali nyama ya ng'ombe, nikala miwili. Halafu akafungua kompyuta mapajani na kuanza kupitia majina ya eneo langu. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia:

"Mzee Arlo, hii sabini na sita ya Orrin umeipataje?"

"Kwa mchezo wake ni themanini na nne," nikasema. "Lakini si ni mlinzi wa ndani? Nikatoa nane."

Akainua macho kutoka kwenye kompyuta. "Nani alikwambia utoe?"

Nikamweleza. Aliyeniajiri, marehemu Wendell, alinifundisha wiki ya kwanza: ukimpa mlinzi wa ndani zaidi ya themanini, wakubwa watadhani umekunywa. Kwa hiyo sisi wote tuliofundishwa naye hukata wenyewe kabla ya kuandika. Mwingine saba, mwingine tisa, kila mtu na mkono wake. Hatukuwahi kuliona kuwa ni jambo la kusema. Ni kama kufuta viatu mlangoni, unafanya tu.

Anjali alifunga kompyuta polepole. "Mashine yangu nayo inakata nane," akasema. "Nilidhani alama mnazoniletea ni za mtu mwenyewe."

Nilisimamisha gari kando ya shamba la mahindi lililokuwa halina kitu ila mabua na theluji. Themanini na nne, nikakata mimi, sabini na sita. Sabini na sita, ikakata mashine, sitini na nane. Raundi ya nne, karibu na swichi ya taa. Nilikuwa nimemtukana binti wa watu miezi miwili kwa kumkata mchezaji wangu, na panga la kwanza lilikuwa la kwangu.

Anjali akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya skafu, akasema, "Tumemkata mara mbili, mzee. Maskini huyu jamaa, tumemkata mara mbili." Nami nikacheka, mpaka nilipoanza kuwahesabu wengine niliowabandika nyota. Kumi na saba. Wale waliokwenda kucheza miaka minane, tisa, kwa klabu zilizowaokota chini ya mikono yetu. Zamani hatukuwa na mashine, kweli, lakini tulikuwa na mameneja, na kila meneja ana mashine yake kichwani.

Kule chuoni Orrin alisukuma kila kilichosimama. Anjali alisimama jukwaani amejikunyata ndani ya koti langu la akiba. Orrin alipomaliza alikuja kunisalimia, akaniambia ametumia wiki yote ya mapumziko kukamua ng'ombe maana baba yake anaumwa mgongo. Nikamtambulisha kwa Anjali. Akamwuliza Anjali kama amekula. Njiani kurudi hatukugombania joto hata kidogo, na nikajikuta namweleza habari za wajukuu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekiri mbele ya kikao. Nilidhani Anjali ndiye atakayesema, ni haki yake, angeweza kunivua nguo mbele ya watu wote. Badala yake alinisogezea kipaza sauti. Nikasimama, nikasema kwamba kwa miaka kumi na minane sijawahi kuandika alama halisi ya mlinzi wa ndani, na kwamba nashuku siko peke yangu humu ndani. Skauti wa kusini alianza kuchunguza kucha zake. Halafu akainua mkono, na mwingine, mpaka mikono sita ikawa juu, kama darasa lililokamatwa.

Desmond hakukasirika. Inabidi niseme kwamba yeye mwenyewe alikuwa beki wa nyuma, nafasi nyingine isiyopendwa, alichaguliwa raundi ya sita na akacheza miaka kumi na moja.

"Arlo," akasema, "mimi ungenipa ngapi?"

"Themanini na sita, bosi."

"Ungeandika ngapi?"

"Sabini na nane."

Kisha Desmond akacheka kile kicheko chake cha chini, akasema sasa anaelewa kwa nini alikaa siku zote tatu za uteuzi kando ya simu pale kwa mama yake akila vitafunwa peke yake. Akaagiza alama zote mia tatu zirudiwe, na kuanzia sasa ziandikwe kwa safu mbili: safu ya mtu, na safu ya kiti, yaani kinachokatwa kwa nafasi anayocheza. Skauti ajaze ya kwanza, Anjali ya pili, na mtu asishike kalamu ya mwenzake.

Nilitoka nikiwa mwepesi. Furaha yangu ilidumu hadi kwenye ngazi, ambako Anjali aliniambia Orrin sasa ni sabini na sita halali, na sabini na sita ni raundi ya pili. Namba tisa bado si yake. Nikamwambia basi amerudi kwenye alama ile ile niliyoandika mimi. Akasema hajarudi popote, raundi ya pili ndiko alikostahili tangu mwanzo.

Alhamisi, 20 Machi

Tunarudia alama. Majina themanini bado. Anjali ametuletea dengu na wali kwa sufuria, skauti wa kusini kala sahani tatu kisha kauliza kama kulikuwa na nyama.

Jumamosi, 29 Machi

Meli ya kwanza imeingia. Barafu ya ziwa ilikuwa inalia tangu asubuhi. Nimemwalika Anjali aingie sauna, bafu letu la mvuke, pamoja na Corinne, kama tunavyofanya na wageni hapa, na wametoka wekundu, wameshibana, wananisema mimi. Corinne kaniita kwa jina la mtoto wetu, "Baba Kirsi, kumbe unapunguza hata chumvi kabla sijaonja?" Amekwishasimuliwa yote.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama Darlene kanipigia simu kutoka bwaloni. Anasema kuna skauti mwenzangu kafika, mwenye kofia ya Mafundi wa Toledo, kaomba supu na kuuliza maswali yale yale ninayouliza mimi. Toledo wanachagua wa thelathini na tisa, nafasi mbili mbele yetu. Nimemuuliza kama amemwambia habari za trei. Kasema amemwambia Orrin ni mlafi, basi. Mungu ambariki.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo Januari ningelicheka. Nilikaa na Anjali tukahesabu, si alama, bali watu. Walinzi wa nje wa kushoto wanaofaa kuanza mwaka huu huu: watatu. Wavamizi: wanne. Klabu zinazowataka: karibu zote. Kwa namna tunavyozijua, ikifika namba ishirini na tano hakuna hata mmoja aliyebaki. Walinzi wa ndani wazuri wapo sita, na hata namba arobaini wanaweza kuwa wamebaki wawili au watatu, kwa sababu kila klabu ina Wendell wake anayekata.

Nilikaa nikiitazama karatasi. Tukimchukua Orrin wa tisa, nitapiga simu yangu, nitalia kidogo, na Septemba mrushaji wetu ataangushwa kutoka pembeni hadi avunjike. Tukianza na kinachoisha haraka, huenda tukapata wote wawili. Huenda. 

"Kumbe thamani ya nafasi si kumdharau mtu," nikamwambia. "Ni kujua yupi anaweza kusubiri."

"Nimesema hivyo tangu Januari, mzee."

"Ulisema kwa mchoro."

Ameniahidi kwamba mchoro unaofuata utakuwa na ng'ombe.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya kwanza ya uteuzi. Saa mbili na robo usiku zamu yetu ikafika. Terrell Mabry, mlinzi wa nje wa kushoto kutoka Alabama, alikuwa bado yupo. Safu ya mtu themanini na tatu, safu ya kiti sifuri, hakatwi kitu. Desmond kauliza kila mtu kwa zamu. Iliponifikia mimi, kibao cha Orrin chenye nyota kilikuwa kimepanda hadi usawa wa macho yangu, na themanini na nne yake iliandikwa kwa wino mweusi ambao kila mtu aliuona. Nikasema, "Mabry." Desmond akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, na kama kuna mtu hapa anataka kunihurumia asubiri kesho.

Mabry alikuwa na nyota ya skauti wa kusini, akapiga simu yake ya sita. Nilimpongeza, na nilimaanisha.

Ijumaa, 25 Aprili

Raundi ya pili ilianza saa kumi na mbili jioni. Jua lilikuwa bado limejaa dirishani. Ya thelathini na tatu, mvamizi. Ya thelathini na tano, mlinzi wa ndani, si wangu. Ya thelathini na saba, mlinzi wa ndani mwingine, nikasimama, nikakaa, nikasimama. Anjali alinishika mkono wa shati kama tunavuka barabara.

Ya thelathini na tisa, Toledo. Walichukua dakika zao zote saba. Niliwaza ile supu. Halafu jina likasomwa, na lilikuwa la mbebaji wa mpira kutoka Texas. Namba arobaini ilikwenda kwa beki. Desmond akang'oa kibao cha Orrin kutoka ubaoni na kunipa mkononi, na simu juu yake.

Kwetu simu hupigwa kabla jina halijapelekwa, kuhakikisha mtu ni mzima na hajavunjika mguu mchana huo. Dakika saba. Nikapiga. Ikaita, ikaita, ikakata. Nikapiga tena. Dakika tano na nusu. Mara ya tatu akapokea mama yake, akasema Orrin yuko bandani, simu kaiacha juu ya friji. Nikamwambia, mama, nakuomba ukimbie. Nilimsikia akitembea, mlango, mbwa, kokoto, halafu sauti za ng'ombe. Dakika tatu. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama, Desmond ameweka mikono kichwani.

"Mzee Arlo," sauti ya Orrin ikaja kutoka mbali, mama yake amemshikia simu sikioni. "Nina mikono yote miwili ndani ya ng'ombe. Naweza kukupigia baadaye?"

"Hapana, Orrin. Leo huwezi. Wewe ni mzima?"

"Mimi ni mzima. Ndama ndiye kakaa vibaya."

Nilikuwa na hotuba. Nimeitunga miaka kumi na minane, kwenye magari, kwenye mahoteli ya barabarani, bafuni. Haikuja hata neno. Nikamwambia tu kwamba Wapasua Barafu wanamchukua sasa hivi, namba arobaini na moja, na kwamba tunamhitaji.

Nikasikia ng'ombe akilia.

"Arobaini na moja?" akasema. "Mzee, angalia vizuri karatasi yako. Mimi ni mlinzi wa ndani."

Mpaka yeye mwenyewe alikuwa amejikata. Nilimtazama Anjali, naye alikuwa analia waziwazi, mtu wa hesabu.

"Nimeangalia," nikamwambia. "Nimekosea miaka mingi sana, mwanangu, lakini leo sijakosea."

Desmond akainua kidole, jina likapelekwa. Nikasikia mama yake akiuliza kuna nini, nani huyo, mbona unalia, na Orrin akimjibu kwa sauti iliyokuwa inapanda na kushuka: "Ni Duluth, mama. Wananitaka. Vuta hiyo kamba, vuta, anatoka."